Babu alitolewa mbavu 7 kwa sababu ya TB akaishi miaka 61 zaidi. Mdogo wangu naye anaambiwa akatwe pafu. Akubali?

#1 MjukuuWaMzee (Jumapili, saa 4 usiku)
Wakuu habari za usiku.

Babu yetu mzaa mama aliugua TB akiwa na miaka 24. Mwaka 1958 wakampasua na kumtoa mbavu saba upande wa kushoto. Hospitali gani hatujui, karatasi zililiwa na mchwa zamani. Kovu lilianzia karibu na shingo kwa nyuma, likazunguka chini ya mfupa wa bega hadi usawa wa chuchu. Chini ya kwapa palibonyea. Sisi wajukuu tulikuwa tunaweka ngumi pale inaenea yote, naye anacheka. Bega la kushoto lilishuka, kiasi kwamba fundi cherehani wake akimshonea koti lazima aweke pedi mbili upande ule ndipo likae sawa. Mtu huyo alilima, alipanda mlima kila siku kwenda shambani, akazaa watoto sita. Alifariki 2019 akiwa na miaka 85, kwa kiharusi.

Sasa mdogo wangu, miaka 31. Aliugua TB ya kawaida 2019, ikarudi 2022 ikiwa sugu, akameza dawa mpaka mwisho. Makohozi safi kila wakipima. Lakini tangu Februari anakohoa damu. Mara ya mwisho ilikaribia nusu kikombe cha chai. Sitiskani imeonyesha pango juu ya pafu la kulia, ukubwa wa yai la kuku, na ndani yake kuna kivuli. Daktari anataka kukata sehemu yote ya juu ya pafu hilo.

Nyumbani tumegawanyika. Mjomba anasema babu aliponywa na kisu, kijana naye akapasuliwe. Mama anasema babu aliponywa na sindano, kisu kilimlemaza tu. Naomba wenye uelewa au waliopitia watuambie.

#2 Kijana_wa_Siha
Poleni sana mkuu. Naweka kambi hapa, ngoja waje wajuzi.

#3 Kitabu_Wazi
Alichofanyiwa mzee kinaitwa thorakoplasti. Chimbuko lake ni la zamani. Mwaka 1882 daktari wa Italia, Carlo Forlanini, alipendekeza kuingiza hewa kati ya pafu na ukuta wa kifua ili pafu linywee na kupumzika, kama unavyofunga mkono uliovunjika. Mwaka huohuo, tarehe 24 Machi, Robert Koch alitangaza kule Berlin kwamba amekiona kijidudu cha TB. Ila dawa ya kukiua ilichelewa zaidi ya miaka 60, na katika miaka hiyo madaktari wa kifua walijaribu kila njia ya kulibana pafu: hewa, kuminya mshipa wa fahamu unaoendesha kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu), kutia nta au mipira ya plastiki kifuani, na mbavu.

Mbavu zilitolewa pale hewa iliposhindwa kwa sababu pafu limegandana na ukuta wa kifua. Ukitoa mbavu, ukuta wenyewe unaingia ndani na kulifunga pango. Walifanya kwa awamu mbili au tatu, na wagonjwa wengi walikuwa macho, ganzi tu. Kisha mtafiti wa Marekani, Waksman, akagundua sindano ya TB, streptomaisini, 1952 na habari ya mbavu ikaanza kufa.

#4 Kachero
Nta kifuani mwa mtu? Hapo #3 umetupiga, mkuu.

#5 Nesi_Mstaafu
Kachero, hujapigwa. Mimi nimefanya kazi wodi ya kifua tangu 1979. Miaka ya 80 alikuja mzee mmoja anakohoa, tukapiga eksirei, tukaona vitu vya mviringo vimejipanga juu ya pafu kama mayai kwenye kiota. Vijana wa zamu walidhani filamu imeharibika. Daktari mkuu akacheka, akasema hiyo ni mipira, iliwekwa wakati wa mkoloni.

Sasa nakuja kwako Mjukuu. Kabla ya kubishana kuhusu babu, nisikilize. Mtu wa damu nusu kikombe hatakiwi kukaa mbali na hospitali. Damu ya kifua haimuui mtu kwa kumwishia, inamuua kwa kumziba pumzi. Ikitoka nyingi, mlaze kwa ubavu wa KULIA, upande ule wenye ugonjwa ukae chini, ili pafu zima la kushoto lisijae damu. Usimlaze chali. Usimpe maji. Gari, hospitali, hapohapo.

#6 MjukuuWaMzee
Asante sana mama. Nimemtumia mke wake sasa hivi. Walikuwa wanamlaza chali na kumwekea kitambaa baridi kichwani.

#7 Umm_Salim
Mwanangu pole. Mimi niko Mombasa na nasema asikubali. Jirani yangu alikatwa kipande cha pafu kwa TB sugu. Wiki ya tatu akaanza homa, ubavuni pakaanza kutoka usaha, na akikohoa husikia hewa yapita kwenye kidonda. Walisema mrija uliofungwa ndani umeachia. Wakamfungua dirisha ubavuni, wallahi dirisha, nimeliona kwa macho yangu, waingiza bandeji ndefu na kuitoa kila siku. Mwaka mzima. Mimi ndiye niliyekuwa nikimuosha. Yuko hai, alhamdulillahi, lakini kazi ya bandarini aliiacha.

#8 Kitabu_Wazi
Bi Umm Salim, hiyo ni kweli na ndiyo balaa inayoogopwa kuliko zote kwenye upasuaji huu. Hilo dirisha linaitwa kwa jina la daktari aliyelieleza mwaka 1935, Leo Eloesser, kwa ajili ya usaha wa TB hasa.

#9 Mzee_wa_Maabara
Kitabu_Wazi, nakuheshimu ila rekebisha #3. Streptomaisini ilipatikana 1943, na aliyeitenga kwa mikono yake ni kijana Albert Schatz kwenye maabara ya Waksman. 1952 ni mwaka ambao Waksman alipewa Nobeli, peke yake. Schatz alishakwenda mahakamani mapema kudai haki yake. Mwaka huohuo wa 1952 ndipo dawa nyingine ya TB, isoniazidi, ilipoanza kutumika.

Na hili lina uzito kwa swali la mleta mada. Babu alipasuliwa 1958. Wakati huo dawa tatu za TB, streptomaisini, PAS na isoniazidi, zote zipo. Kama alipata zote tatu kwa muda wa kutosha, Mama ana hoja nzito.

#10 Kitabu_Wazi
Nimepokea, mwaka na jina vyote nilikosea. Schatz anastahili kutajwa.

#11 MjukuuWaMzee
Babu alikuwa anasimulia sindano za kila siku "mpaka masikio yakaanza kuimba". Sikio moja halikusikia vizuri maisha yake yote. Tulidhani ni uzee.

#12 Mzee_wa_Maabara
Hiyo ni streptomaisini, haina shaka. Inapiga masikio na mizani ya mwili.

#13 Hoja_Namba
Mnaruka jambo moja. Kabla ya dawa, kati ya watu 100 wenye vijidudu kwenye makohozi, kama 70 walikufa ndani ya miaka 10. Maana yake karibu 30 walikuwa hai bila kisu wala sindano. Inawezekana babu alikuwa miongoni mwa hao. Mjomba atakisifu kisu, Mama ataisifu sindano, kumbe ni mwili wake.

#14 Kachero
Sasa wewe ndio umetuharibia kabisa 😀 Mjomba kisu, Mama sindano, wewe bahati.

#15 Hoja_Namba
Tena sindano peke yake usiitegemee sana. Utafiti maarufu wa Waingereza uliochapishwa 1948: wagonjwa 55 walipewa streptomaisini, 52 walilazwa tu kitandani. Baada ya miezi sita walikufa 4 kule na 14 huku. Watu wakashangilia. Lakini dawa ilikuwa moja, vijidudu vikawa sugu, na baada ya miaka mitano waliokufa walifikia 32 na 35. Karibu sawa! Ndiyo maana leo hakuna anayekupa dawa moja. Kwa hiyo mtu wa 1958 aliyepata dawa nusunusu, kulifunga pango lake kwa kisu pengine ndiko kulimaliza kazi.

#16 Kijana_wa_Siha
Kwetu wazee wanasema ni hewa ya mlimani. Hospitali ya TB ya Kibong'oto ipo tangu 1926, na waliijenga kule juu kwa ajili ya ubaridi na hewa safi. Wagonjwa walilazwa miezi, maziwa, mayai, supu. Babu yangu mimi aliamini maziwa ndiyo dawa.

#17 Mzee_wa_Maabara
Maziwa ni mazuri, mwenye TB anakonda, ale. Lakini jambo hili lilipimwa kule Madras, India, miaka ya 50. Kundi moja walilazwa sanatoriamu (hospitali ya kulaza wenye TB kwa muda mrefu), wakala vizuri, wakapumzika. Kundi la pili walimeza dawa zilezile nyumbani, kwenye vyumba vya msongamano na chakula duni. Matokeo yaliyotoka 1959: waliotibiwa nyumbani walipona sawa na wenzao. Hapo ndipo sanatoriamu nyingi duniani zilianza kufungwa.

Na msisahau kwetu. Dozi hii ya miezi sita ambayo kila zahanati inaijua, majaribio yake makubwa ya kwanza yalifanyika hapa Afrika Mashariki kuanzia 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Kabla ya hapo ilikuwa mwaka na nusu na zaidi. Watu wetu wamechangia dawa ya dunia nzima, na mashuleni hatufundishwi.

#18 Nesi_Mstaafu
Barikiwa kwa kulisema hilo. Niliwaona wagonjwa wa dozi ndefu, walitoroka wodi mwezi wa nne wakijisikia wazima. Ilipokuja rifampisini, mtu anaona mkojo umekuwa wa chungwa, anaogopa, lakini anamaliza na anakwenda zake.

#19 PafuMoja
Wakuu, huwa nasoma tu humu, leo naandika. Mimi sina pafu la kushoto. Lote. Lilitolewa 2011 nikiwa na miaka 27.

TB yangu ilikaa muda mrefu bila kujulikana, nikatibiwa nimonia mara nne. Nilipopona vijidudu, pafu la kushoto lilikuwa limekwisha, gunia la usaha. Nilikuwa natoa makohozi kikombe kila asubuhi, yananuka, nikala peke yangu kwa sababu niliona jinsi watu wanavyogeuza uso. Daktari aliniambia la kushoto ndilo huharibika hivi mara nyingi, kwa kuwa mrija wake mkubwa ni mrefu na mwembamba kuliko wa kulia na unapita chini ya mshipa mkubwa wa moyo, kwa hiyo ukibanwa kidogo uchafu hautoki.

Leo nafundisha sekondari. Nasimama darasani vipindi vinne. Siwezi kukimbilia daladala, ngazi napumzika ghorofa ya pili, na mwanangu akitaka baluni lipulizwe anampelekea mama yake. Lakini yale makohozi sijayaona tangu siku ile. Nakula mezani na watu. Mjukuu, mdogo wako anaambiwa atoe sehemu moja tu kati ya tatu za pafu la kulia. Mimi ningekwenda kesho.

#20 Umm_Salim
Mwanangu PafuMoja, umeniliza. Mungu akuzidishie umri.

#21 Hoja_Namba
PafuMoja, hongera kwa ujasiri. Ila lazima niseme namba zilivyo. Mwaka 2016 watafiti walikusanya taarifa za wagonjwa wa TB sugu mmoja mmoja kutoka tafiti 26. Waliopasuliwa walikuwa 478. Waliokatwa sehemu ya pafu walifanikiwa matibabu zaidi ya waliomeza dawa tu, uwezekano ulizidi karibu mara tatu. Waliotolewa pafu zima, tofauti haikuonekana. Na waliopasuliwa baada ya makohozi kuwa safi walifanya vizuri kuliko waliopasuliwa bado yana vijidudu. Ndiyo maana mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliweka kwenye mwongozo kwamba kukata SEHEMU ya pafu kunaweza kufanywa sambamba na dawa za TB sugu.

#22 PafuMoja
Nimekusoma. Lakini hao wa pafu zima tayari walikuwa hoi kuliko wenzao, au sivyo? Hakuna anayetolewa pafu zima akiwa na ugonjwa kidogo.

#23 Hoja_Namba
Kweli, hilo lipo.

#24 Kachero
Basi na lile la kwanza lina kasoro hiyohiyo, Hoja_Namba! Anayechaguliwa kupasuliwa ni yule mwenye ugonjwa sehemu moja, moyo mzima, pumzi inatosha, ana uzito, ana wa kumchangia damu. Huyo hata bila kisu angefanya vizuri kuliko mwenzake mwenye mashimo pande zote. Mbona mnampa kisu sifa?

#25 Hoja_Namba
Walijaribu kusawazisha umri, ukali wa ugonjwa na mambo mengine kwenye hesabu zao. Lakini hakuna aliyewagawa kwa bahati nasibu, nani apasuliwe nani asipasuliwe, kwa hiyo shaka yako inabaki. Kuna hospitali moja ya Denver, Marekani, National Jewish, walitoa taarifa ya wagonjwa 205 wa TB sugu mwaka 2004. Mafanikio ya muda mrefu yalikuwa 75%, wakati kundi lao la zamani lilikuwa 56%. Wengi zaidi walipasuliwa, na pia wengi zaidi walipata dawa mpya za jamii ya kwinoloni. Wenyewe wakasema vyote viwili vimechangia. Ukivitenganisha, hapo ndipo ugomvi unaanza.

#26 Apolo_wa_Mererani
Habari zenu. Nimeshinda mgodini miaka 14, unashuka shimoni, vumbi unakula. Nina TB iliyopona na vumbi la mawe mapafuni, yote mawili. Nilikohoa damu 2021. Niliuliza kama naweza kukatwa. Daktari alinionyesha eksirei, akasema huku kuna doa, na huku kuna doa, nikikata hapa utapumulia wapi? Akanipa dawa, mwingine akanitibu kwa kupitisha mrija mwembamba kutokea kwenye paja hadi kwenye mshipa unaovuja, wakauziba. Damu ilikata miezi 9, ikarudi kidogo, sasa imetulia.

Nasema hivi: kama mdogo wako ameambiwa ANAFAA kukatwa, ajue wengine tunaililia hiyo nafasi.

#27 MjukuuWaMzee
Apolo, pole sana kaka. Swali kwa wote: kwanini akohoe damu kama makohozi ni safi? Mama anaamini TB imerudi na wanatuficha.

#28 Mama_Kuruthumu
TB imerudi hiyo. Dada yangu ilikuwa hivyohivyo, wakapima mara tatu hakuna, ya nne ikaonekana.

#29 Nesi_Mstaafu
Inawezekana, wapime tena, na wayaoteshe makohozi maabara, wasiangalie kwa darubini tu. Lakini mimi nikisikia "pango lenye kivuli ndani" nawaza fangasi. Pango likibaki baada ya TB ni nyumba tupu, na fangasi aina ya aspajilasi huingia akajenga mpira. Ukimgeuza mgonjwa ubavu ukapiga picha tena, mpira unahama. Ukuta wa pango una mishipa mingi ya damu, unakwanguliwa, unatoa damu.

#30 Mzee_wa_Maabara
Naunga mkono. Uingereza waliwahi kufuatilia watu 544 waliopona TB wakabaki na mapango ya sentimita 2.5 au zaidi. Mwanzoni 11% walikuwa na mpira wa fangasi, miaka mitatu hivi baadaye 17%. Si ajabu hata kidogo. Na vidonge vya fangasi haviufikii mpira vizuri kwa sababu damu haiingii ndani yake.

#31 Kitabu_Wazi
Kuna la tatu. Mirija ya hewa iliyotanuka na kulegea baada ya TB nayo inatoa damu bila kijidudu wala fangasi. Na la nne, mshipa wa pafu ulio kwenye ukuta wa pango unavimba na kupasuka, Rasmussen wa Denmark alilieleza 1868. Hili ni nadra lakini linaua ghafla.

#32 Kachero
Na kansa? Kovu la TB linaweza kupata kansa. Kivuli ni kivuli, hakuna aliyekigusa.

#33 MjukuuWaMzee
Kwa hiyo mambo matano na hakuna mwenye jibu.

#34 Nesi_Mstaafu
Mwanangu, manne kati ya hayo yako ndani ya kipande kilekile anachotaka kukitoa daktari. Kikitoka, kitakatwa vipande maabara na mtajua.

#35 Kachero
Hapo mama umeniziba mdomo.

#36 MjukuuWaMzee (wiki mbili baadaye)
Wakuu narudi na mrejesho. Tumepima pumzi, anapuliza kwenye mashine mpaka macho yanamtoka, daktari amesema inatosha kukatwa sehemu ya juu na kubaki na akiba. Moyo mzima. VVU hana. Makohozi wameotesha upya, majibu bado, kwa sasa darubini haioni kitu. Amelazwa kwa sababu damu ilitoka tena usiku wa Jumanne. Mke wake alimlaza ubavu wa kulia kama #5 alivyosema. Daktari wa zamu aliuliza nani kamfundisha.

Wanataka chupa tatu za damu, ndugu tumekwenda kuchangia. Mama alibaki kimya muda mrefu, kisha akauliza daktari: "Mtamtoa mbavu?" Daktari akasema hapana, wanapita katikati ya mbavu. Nikagundua miaka yote hii Mama alikuwa anaogopa bega. Hakutaka kumwona mwanawe anatembea kama babu.

#37 Umm_Salim
Kama hivyo ndivyo, mimi narudisha neno langu la #7. Lakini muulizeni daktari amefanya wangapi na wangapi wametoka usaha. Muulize bila haya. Jirani yangu hakuuliza.

#38 PafuMoja
Swali zuri sana. Na aache sigara kama anavuta, aanze mazoezi ya pumzi sasa kabla ya kisu. Mimi nilifundishwa kupuliza glovu ya hospitali mpaka vidole vitano visimame. Siku ya kwanza baada ya upasuaji kilisimama kidole gumba tu. Maumivu ya kukohoa ni kama unapasuliwa upya, akumbatie mto kifuani ndipo akohoe. ASIZUIE kukohoa.

#39 Mama_Kuruthumu
Akishakatwa ndio basi na dawa?

#40 Mzee_wa_Maabara
Hapana! Hili kosa linaua. Kipande kikikutwa na vijidudu hai ataendelea na dawa kwa miezi. Kisu kinatoa pango ambalo dawa hailifikii vizuri, hakisafishi mwili mzima.

#41 Kijana_wa_Siha
Samahani kutoka nje ya mada, ila dawa mpya za TB sugu, bedakwilini na wenzake, si ndio miezi sita tu siku hizi? Nimesikia wanapona karibu tisa kati ya kumi. Kisu si kitakufa tena kama 1952?

#42 Hoja_Namba
Dozi hiyo ilipitishwa 2022, na majaribio yalitoa karibu 90% kweli. Kwa TB sugu ya kawaida haja ya kupasua itapungua sana. Lakini #41, mapango yatabaki. Watu wanapona vijidudu wanabaki na mapafu yaliyotoboka, na hao nani anawahesabu? Kadi inaandikwa "amepona", faili linafungwa, mtu anarudi nyumbani anahema akipanda kitanda.

#43 Apolo_wa_Mererani
Hapo umenena. Mimi kwenye kadi niliandikwa nimepona.

#44 Kitabu_Wazi
Niongeze kuhusu "kufa kwa kisu". John Alexander, daktari wa Michigan aliyeandika kitabu kizima cha upasuaji wa TB ya mapafu mwaka 1925, mwenyewe alikuwa mgonjwa wa TB. Norman Bethune wa Kanada aliugua 1926, akaingia sanatoriamu, akasoma habari za kulinyweza pafu kwa hewa, akasisitiza afanyiwe, akatoka akawa daktari bingwa wa kifua hadi vitani China. Watu hawa waliitetea njia hii kwa sababu waliishi. Waliokufa hawakuandika vitabu.

#45 Kachero
Kwa hiyo unakubali hoja yangu ya #24.

#46 Kitabu_Wazi
Nakubali nusu. Nusu nyingine ni ya babu wa mleta mada na mlima wake.

#47 MjukuuWaMzee (siku nne baadaye)
Alitoka chumba cha upasuaji jana saa nane mchana. Masaa matano mle ndani. Sehemu ya juu imetolewa. Daktari alituonyesha, ipo kwenye ndoo ya fomalini, kubwa kuliko nilivyodhani, nyeusinyeusi, imepasuliwa katikati na ndani kuna kitu cha kahawia kama udongo wa kichuguu. Amesema anahisi ni fangasi lakini imepelekwa maabara, majibu wiki mbili. Mzee_wa_Maabara, na ile otesho ya makohozi bado.

Ana mirija miwili ubavuni inayoingia kwenye chupa za maji chini ya kitanda. Zinatoa mapovu akikohoa. Nesi, hiyo ni kawaida? Moyo unaruka kila povu likitoka.

#48 Nesi_Mstaafu
Alhamdulillahi, Mungu ni mwema. Mapovu siku za mwanzo ni kawaida, pafu lililobaki linavuja hewa mahali lilipokatwa na kushonwa. Yanatakiwa yapungue siku hadi siku. Chupa isinyanyuliwe juu ya kitanda hata sekunde moja, mwambie kila anayekuja kutazama. Mrija usikunjwe wala usilaliwe.

Na nitazamie jambo moja. Akivuta pumzi, maji ndani ya mrija yanapanda? Akitoa, yanashuka?

#49 PafuMoja
Glovu ameanza?

#50 MjukuuWaMzee
Maji yanapanda na kushuka, mama. Nimeyatazama tangu asubuhi.

PafuMoja, glovu anayo Mama. Anamshikia mdomoni anasema "tena". Mpaka sasa vimesimama vidole viwili.

#51 PafuMoja
Viwili siku ya pili? Kanishinda.

#52 Umm_Salim
Majibu ya maabara yakitoka utuambie. Siondoki hapa.